Bomba Lililolala Nyumbani Kwetu

Mwanangu Tumaini,

Salamu sikuandikii. Tumesalimiana asubuhi hii uliponiletea uji, na kabla jua halijazama tutasalimiana tena. Nimekaa hapa mezani tangu wewe na mama yako mlipopanda gari kwenda Mjimwema kumuaga shangazi yako, na hadi sasa nimeshaharibu karatasi mbili.

Habari za sweta, za chakula cha njiani na za kuchagua kanisa huko uendako, mama yako ameshazisema mara nyingi, mimi nazipita. Kesho asubuhi basi litakuchukua pale Makambako mjini kwenda kaskazini, kwenye mashamba ya ngano, ukabebe kile kifaa cha kupimia mwanga unaorudi kutoka kwenye majani. Watu wote kanisani wamekupongeza. Mimi pia nilikupongeza, ila uliona kwamba nilitoka nje haraka. Ulimwambia mama yako kwamba baba ana wasiwasi na safari. Si safari, mwanangu.

Ni lile neno ulilotuambia siku uliporudi kutoka kwenye usaili. Ulisema wale waajiri walikuuliza umejifunza wapi kuthamini vipimo, nawe ukawajibu, "Kwa baba yangu. Alifanya kazi na kifaa hiki kijijini kwetu, na hakuwahi kuandika namba ambayo hakuipima." Mama yako alisimama akaenda jikoni. Ulidhani anakwenda kuangalia maharage. Alikwenda kwa sababu anajua.

Ulilosema ni kweli. Sikuwahi kuandika namba ya uongo. Uongo wangu niliutoa kwa mdomo, na uliniletea kazi iliyokusomesha. Sitaki uondoke ukiwa umebeba jina langu kama cheti kabla hujajua hayo.

Unamkumbuka baba mdogo Festo, rafiki yangu. Ulikuwa darasa la tano alipohama, yeye na mkewe na watoto, wakaenda Iwawa. Uliniuliza kwa nini wamehama bila kutuaga, nikakujibu kwamba mkewe ni mtu wa Makete, wamekwenda kulima viazi kwao. Hilo nalo lilikuwa kweli nusu. Nimekuwa hodari sana wa kweli nusu.

Ule mwaka, mradi mmoja wa utafiti ulikodi shamba upande wa kwenda Njombe, pale penye misonobari. Walitaka kujua dawa za magugu zinafanyaje kazi kwenye mahindi ya huku kwetu kwenye baridi. Shamba likagawanywa ploti ndogo ndogo, kila moja na kijiti na kibao chake. Ploti nyingine hazikuwekwa dawa kabisa, nyingine nusu kipimo, nyingine kipimo kamili, nyingine mara mbili. Vibarua wa kudumu tulikuwa wawili, mimi na Festo. Kila mmoja alikuwa na bomba lake la mgongoni la kupulizia dawa, na stoo ilikuwa na funguo mbili, moja kwangu, moja kwake.

Mtaalamu aliyetusimamia alikuwa Bi Zawadi, msichana mwembamba aliyevaa makoti mawili hata mwezi wa kumi na mbili. Yeye ndiye aliyekuja na kile kifaa. Kilikuwa kwenye fimbo, na alikibeba kwa mkanda wa begani, akitembea polepole juu ya mistari ya mahindi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kilikuwa kinatoa mwanga mwekundu chini, na kwenye kioo kidogo ilionekana namba kati ya sifuri na moja.

Nitakwambia ukweli, kile kifaa nilikichukia tangu siku ya kwanza. Sikuwa peke yangu. Kwenye mashine ya kusaga watu walisema kinanyonya nguvu ya mahindi. Wengine walisema kinapima rutuba, na kwamba rutuba ikishajulikana, ardhi itachukuliwa. Mimi nilikuwa na shaka yangu mwenyewe, ambayo niliiona ya akili zaidi. Nilidhani kimeletwa kutupeleleza sisi wafanyakazi. Kwa nini mtu aje na kitu cha kutazama jani wakati macho yake yapo?

Nilimuuliza Bi Zawadi. Akanieleza bila dharau. "Baba Tumaini, kinamulika mwanga wa aina mbili. Mmoja huu mwekundu unaouona, mwingine jicho haliuoni. Jani lenye afya linaula ule mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule mwingine. Jani likianza kuumwa, linashindwa kula, mwekundu unarudi mwingi, na ule mwingine unapungua. Mimi nahesabu kilichorudi."

"Na anayepulizia dawa, kinamwona?" nikamuuliza.

Akacheka. "Hakimwoni mtu. Kinaona alichokifanya."

Nilikwenda na jibu lile nyumbani na sikulipenda.

Wewe ulikuwepo siku ya beseni. Mama yako alileta makande kwenye beseni la plastiki la kijani, nawe ukamfuata. Tulipomaliza kula, Bi Zawadi akalimulika lile beseni tupu ili akuonyeshe, na namba ikaanguka karibu na sifuri. Kisha akamulika majani ya mahindi pembeni, namba ikapanda. Ulimuuliza kwa nini, na vyote ni kijani. Akakwambia kifaa hakitafuti rangi, kinatafuta kilicho hai. Ulizungumza habari hiyo wiki nzima. Nadhani kazi unayoiendea kesho ilianzia pale. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu nikijiambia kwamba kitu kama hiki hakidanganyiki, na mtu mwenye moyo safi asingeogopa.

Festo yeye hakuogopa. Alikuwa mdadisi. Wiki za mwanzo, ploti moja ilikuwa inaongoza kwa namba, na yule mkubwa wa Bi Zawadi, bwana aliyekuja na gari mara moja kwa wiki mbili, akafurahi akasema mahindi ya pale yamestawi kuliko yote. Festo akamwomba ruhusa, akaingia kwenye ploti akainama, akatandua majani kwa mikono. "Mkubwa, haya si mahindi. Hii ni ploti isiyo na dawa. Kinachosomwa hapa ni magugu." Ilikuwa kweli. Magugu yalikuwa mazito, yameziba udongo wote, na kifaa hakijui gugu na hindi, chote kwake ni kijani kilicho hai. Bi Zawadi akaandika maneno ya Festo kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita yeye kwanza walipotaka kuuliza jambo.

Nikaona wivu. Mimi ndiye niliyemleta Festo kwenye ile kazi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba usome polepole.

Jumamosi moja, nyuma ya nyumba yetu, pale ambapo sasa kuna parachichi, palikuwa na kipande kilichozidiwa na sangari, lile gugu sugu la mizizi mirefu. Jembe lilikuwa limeshanishinda. Kwenye stoo ya mradi kulikuwa na dawa ile inayoua kila kitu, iliyotumika kusafisha njia kati ya ploti. Mchana ule nikafungua stoo, nikachukua dawa kidogo kwenye chupa, nikachukua na bomba. Bomba langu lilikuwa linavuja kwenye mpira, nikachukua la Festo. Nikapulizia kipande chetu. Nilikusudia kulisuuza, lakini jioni wakaja wageni waliotoka msibani, kesho yake ikawa ibada, na bomba likalala nyumbani kwetu chini ya dari ya jiko. Jumatatu alfajiri nikamwaga kilichobaki, nikajiambia inatosha, nikalirudisha stoo kabla Festo hajafika.

Mama yako aliliona. Alisema neno moja tu, "Umelisuuza?" Nikasema ndiyo.

Asubuhi ile ile Festo akachanganya dawa ya mahindi, ile isiyodhuru mahindi, akapulizia upande wa mashariki. Mimi nilikuwa upande wa magharibi na bomba langu linalovuja. Nilimwona akiweka maji. Ningeweza kumwita. Alikuwa umbali wa kunisikia. Nilitazama chini nikaendelea.

Alhamisi Bi Zawadi akapita na kifaa. Kwa macho shamba lote lilikuwa sawa, kijani tupu, hakuna jani lililojikunja. Lakini alipofika mashariki akasimama. Akafuta kioo, akarudia. Akarudia tena. Akaniita.

"Baba Tumaini, unaona tofauti yoyote hapa?"

"Sioni," nikasema, na kweli sikuona. "Labda kifaa kimeharibika. Kuna umande."

"Umande umeshakauka," akasema. Akapima ploti za magharibi, namba zikawa nzuri kama kawaida.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye ugonjwa. Kile kitu kilikuwa kimeona dhambi yangu ndani ya jani kabla jani lenyewe halijaonyesha. Nikaanza kusema kwa watu kwamba kifaa kinadanganya. Nilisema kwa nguvu, mashineni na hata nje ya kanisa. Nataka ulijue hili kwa sababu utakutana nalo: mtu anayekishambulia kipimo kwa sauti kubwa, wakati mwingine kuna kitu anakificha, na wakati mwingine ana haki kabisa. Usiamue haraka ni yupi.

Baada ya siku chache, mahindi ya mashariki yakaanza kugeuka njano kwenye moyo wa mche. Kisha yakadumaa. Mkubwa akaja na gari kabla ya siku yake. Akatukalisha mimi na Festo kwenye magogo, bomba likiwa katikati yetu kama mtuhumiwa wa tatu.

"Nani alilitumia bomba hili?"

"Mimi," Festo akasema.

"Dawa ulipima?"

"Nilipima kwa kikombe, kama siku zote."

"Ulilisuuza?"

"Nililisuuza Ijumaa nilipomaliza kazi. Mara tatu. Nikalifungia stoo."

Yule bwana akanigeukia. "Baba Tumaini, kuna mtu alilitoa bomba hili stoo baada ya Ijumaa?"

"Sikuona mtu," nikasema.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Ninayo mimi na anayo Festo."

Tazama maneno hayo, mwanangu. Hakuna hata moja ambalo ungeweza kulikamata. Festo alinitazama kidogo, kisha akatazama mikono yake. Nilidhani amenyamaza kwa sababu hajui.

Akaondolewa kazini siku ile kwa uzembe. Hapo ningeweza kuwa nimefanya kosa la mtu mwoga tu. Lakini niliendelea. Juma lililofuata, mtu mmoja mashineni akaniuliza imekuwaje Festo kafukuzwa, mtu makini vile. Nikamjibu, "Mimi sijui. Ila dawa ilikuwa inapungua stoo." Dawa iliyopungua nilikuwa nimeichukua mimi. Kufika Jumapili, kijiji kizima kilijua kwamba Festo alikuwa anaiba dawa na kuiuza Makambako. Yeye alikuwa anaitwa na kila mtu kupulizia mashamba. Wakaacha kumwita. Mkewe akipita kisimani wanawake wananyamaza. Walimaliza kuvuna mahindi yao, wakapakia vitu kwenye fuso, wakaenda Iwawa. Hawakutuaga sisi, na hawakuaga nyumba yoyote.

Mama yako, usiku wa siku walipohama—hapana, sitazungumzia mengi aliyosema. Alisema tu, "Sitakutangaza. Lakini usiniambie nisahau." Usimlaumu. Alibeba mzigo ambao haukuwa wake, na kila Festo alipotuma salamu kwa mtu anayetoka Makete, yeye ndiye aliyeshindwa kuzipokea.

Bi Zawadi alikuja nyumbani mara moja baadaye. Wewe ulikuwa shule. Alikuwa na daftari, akaketi kwenye kiti hiki ninachokikalia, akanionyesha namba za upande wa mashariki kwa mpangilio aliopita Festo, kuanzia ploti ya kwanza hadi ya mwisho.

"Mtu akizidisha dawa," alisema, "namba zinashuka kotekote. Hizi zimeanza chini kabisa, zikapanda kidogo kidogo, na ploti za mwisho ni nzima. Kama chombo kilichokuwa na kitu kingine ndani, kikawa kinajisafisha kadiri alivyoendelea kuongeza maji."

Akanyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, nikamfuata. Ile sangari ilikuwa imekauka, kahawia, kwa mistari iliyonyooka ya mtu anayejua kupulizia. Alisimama akaitazama.

"Ulipata wapi bomba?"

"Niliazima kwa mtu Makambako."

Aliinama akavunja jani moja kavu, akaliweka kati ya kurasa za daftari. "Kifaa changu kinapima majani tu, Baba Tumaini," akasema. "Mengine yote nawategemea watu."

Akaondoka. Msimu uliofuata hakurudi, alikuja mwingine. Kwa kuwa Festo hayupo, mimi nikawa msimamizi. Mimi ndiye niliyefundishwa kubeba kifaa, kukishika urefu ule ule juu ya mimea, kutembea mwendo ule ule, kuandika namba ninayoiona na si ninayoitaka. Niliifanya kazi ile kwa uaminifu wa mtu anayeogopa. Hapo ndipo ulipoanza kunifuata shambani, ukaniona ninavyorudia ploti nikiwa na shaka hata ndogo. Ukadhani ni tabia njema.

Na kila gari geni lililosimama barabarani nililishuku. Kila mtu aliyeongea polepole niliposogea, nilidhani ananiongelea. Nilimshuku mchungaji kwa mahubiri yake. Nilimshuku mama yako, naye ndiye pekee aliyenistahi. Niliwashuku wenzangu wa kazini na kuhesabu chupa za dawa mara mbili kwa siku, mimi niliyekuwa mwizi wa stoo ile. Mtu akikaa na shaka muda mrefu hivyo, haoni tena watu. Anaona mashahidi.

Uliposema lile neno la usaili, sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Wiki mbili zilizopita nilikuaga kwamba nakwenda Makete kutafuta mbegu ya viazi. Nilikwenda Iwawa kumtafuta Festo.

Nilimkuta shambani, amevaa koti zito na buti za mpira. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijafika, akaacha jembe, akanisalimu, "Kamwene," kama vile tuliachana jana. Nikaitikia. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu kwenye gari, nikasema yote nikiwa nimesimama kwenye tuta: bomba, chupa ya dawa, mashineni. Sikuacha kitu. Upepo ulikuwa mkali na ilinibidi nipaze sauti, na ile kupaza ndiyo iliyonitia aibu zaidi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua asubuhi ile ile."

"Ulijuaje?"

"Bomba mimi nalitundika mdomo ukiangalia ukutani. Nililikuta unaangalia mlango. Nikalinusa. Nikajua limetoka, ila sikujua lilikuwa na nini. Nilikuwa nimechelewa kuanza, nikapulizia. Hilo ni kosa langu, ningelisuuza kwanza."

"Kwa nini hukusema, pale kwenye magogo?"

Aliokota jembe lake. "Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nikasubiri siku ile, nikasubiri na wiki ile. Halafu niliposikia ya wizi, nikajua husemi. Ningesema mimi, ningeonekana mwizi anayemsingizia rafiki."

Tulikwenda nyumbani kwake. Mkewe alinipa chai na viazi, akaketi mbali. Hakuna aliyenikaripia. Festo aliniuliza habari zako, nikamwambia umepata kazi ya kifaa cha mwanga. Akafurahi, hilo niliona halikuwa la kuigiza. Akasema, "Mwambie magugu nayo ni kijani." Nikamwambia nitarudi kijijini niseme kwenye mkutano kwamba mwizi alikuwa mimi. Akasema, "Hayo ni yako."

Nilipoaga, alisimama mlangoni. Hakunisindikiza. Unajua huku kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu. Nilitembea peke yangu mpaka kituoni, na sikugeuka, kwa sababu sikutaka kuhakikisha kama bado amesimama au ameshaingia ndani. Kama amenisamehe, sijui. Sikumuuliza, na sidhani nina haki ya kulidai jibu hilo.

Jumapili iliyopita, wewe ukiwa Njombe kufuatilia vyeti vyako, nilisimama mbele ya watu baada ya ibada nikasema. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini nasema sasa, miaka yote hii. Nikamwambia mwanangu anaondoka na jina langu. Wengine walinipa mkono. Wengine wamepunguza kunisalimia, na utaona jioni hii ukirudi kwa njia ya mashineni. Ndiyo maana nataka uisikie kwangu.

Kwa hiyo kuhusu kazi yako nina machache, nayo si ya mtu mwema anayemfundisha mtoto. Ni ya mtu aliyekamatwa na kifaa ambacho hakikujua kwamba kimemkamata.

Namba ikishuka, usikimbilie kumtafuta mtu. Inama kwanza. Tandua majani, gusa udongo, angalia kama ni dawa, au ukame, au wadudu, au mche umekufa tu. Namba ikipanda inama vilevile. Kifaa kitakwambia kiasi cha kijani, hakitakwambia ni kijani cha nani wala kimepatikanaje. Kumbuka Bi Zawadi alivyopanga namba zake kwa njia aliyopita mpuliziaji. Namba moja moja zilimsingizia Festo, zilipokaa kwa mpangilio zikamtetea. Zilimtetea akiwa ameshaondoka.

Wakulima wa huko watakushuku. Watasema unapima ili wanyang'anywe, au unamulika masuke machanga ya ngano yasizae. Usiwacheke. Waulize wanachoogopa, na uwaeleze kama mimi nilivyoelezwa, bila dharau. Nawe pia uwashuku kidogo waliokuajiri. Uliza namba zako zinakwenda wapi, na nani anazisoma, na mwenye shamba atarudishiwa nini. Ukijibiwa kwa maneno ya mzunguko, kumbuka mimi nilivyojibu pale kwenye magogo.

Na bomba lolote utakaloshika, lisuuze. Hata kama umeambiwa limesuuzwa.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa mbali. Nilikuwa nimeshaikunja. Kisha nikajishuku. Nikaona ninafanya tena kile kile, kusema jambo kisha niwe mahali ambapo siwezi kuulizwa. Kwa hiyo nitakukabidhi mkononi, leo, ukishavua viatu na kunywa chai. Utaisoma hapa mezani. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje, na sitaondoka. Ukimaliza, ukitaka kuniuliza, njoo uniulize lolote. Ukitaka kukaa kimya mpaka basi la kesho, nitakubebea begi mpaka stendi nikiwa kimya pia.

Mlango nitauacha wazi.

Baba yako